Kofi la Dakika ya Ishirini

Mount Druitt, Sydney
13 Machi 2011

Dada Kalolaine,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Mimi ni mzima, mafua kidogo tu. Baba anaendeleaje? Mkono wa kulia umeanza kusikia chochote? Na mgongo wako je, bado unamnyanyua peke yako?

Kwenye kifurushi hiki kuna deki mpya, maana uliniambia ile ya zamani inatafuna diski. Kuna sabuni, nyama ya kopo, na diski moja isiyo na jina. Hiyo diski ni mimi. Nimekaa mbele ya kamera nikazungumza na Baba dakika arobaini bila kupumzika, hata nimejishangaa. Uliposema kwamba tangu apate kiharusi simu inamtisha, kwamba anaisikia sauti halafu anatafuta mtu chini ya kitanda, nikajiambia: basi nimpelekee uso na sauti pamoja. Si ndiyo kazi yangu? Watu wa kanisa huku wananiletea video za harusi na ubatizo, nazigeuza DVD za kupeleka nyumbani. Nimewatengenezea watu wa visiwa vyote, baba yangu sijawahi.

Mkalishe vizuri, mwekee mto upande wa kulia. Usimwambie ni nini. Washa tu.

Mdogo wako,
Fusi


Faleloa, Foa
9 Aprili 2011

Fusi mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na kifurushi kimefika kwa meli ya Jumanne. Kopo moja limebonyea lakini tumelila hilo hilo kwanza, na majani ya talo na tui zito. Mimi sijambo. Mgongo ni mgongo. Baba ni yule yule: anakula kidogo, analala mchana, anagonga sakafu kwa fimbo kila robo saa kuhakikisha sijatoroka.

Sasa nikupe habari ya diski, na usilie.

Nilifanya ulivyosema. Sikumwambia kitu. Lakini alivyoona nafungua sanduku la deki akanionyesha kiuno chake. Sikuelewa. Akaonyesha tena, kwa hasira. Kumbe anataka mkeka wa kiunoni, kama anayekwenda mbele ya wakubwa! Nikamfunga ule wa kanisani, akakaa wima kama siku zile akisimama mbele ya kwaya. Vika jirani akaja naye, nani angemzuia Vika.

Ukatokea. Vika akapiga kelele, "Jamani, Fusi kanenepa!" Baba akaanza kutoa machozi kwa jicho moja, lile zima. Kwa dakika mbili tatu nilifikiri, Mungu mkubwa.

Halafu akaanza kukunja uso. Fusi, mdomo wako unafunga na sauti bado inakuja. Kila ukiendelea inazidi. Ulicheka pale uliposimulia habari za yule nguruwe wa mchungaji. Sisi tulikiona kicheko bila sauti, na sauti ya kicheko ikaja wakati umeshainama unafuta pua. Vika akasema, "Kama zile sinema za Wachina wanaopigana!" Akacheka hadi akashika mbavu. Baba hakucheka. Akasema, "Si yeye."

"Baba, ni Fusi."

"Si yeye! Si yeye!" Akarusha fimbo. TV ina ufa kwenye kona, picha bado inaonekana.

Unajua ana maneno kumi na moja tu yaliyobaki. Nimeyahesabu. Mawili ameyatumia kukukana. Usiku ule alinishika mkono akanitazama kama anayeuliza nani amemvaa mwanawe.

Nimeificha diski kabatini. Kama hiyo ndiyo kazi yako, dada yako anakuambia kwa upendo kwamba hukuifanya vizuri.

Dada yako,
Kalolaine


Mount Druitt
1 Mei 2011

Dada Kalolaine,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hivyo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Dada, kwenye kompyuta yangu mdomo na sauti vinakwenda sawa. Nimetazama tena dakika zote arobaini. Ndiyo maana sikugundua. Ubaya uliingia wakati wa kuligeuza faili kuwa DVD. Nadhani najua ni nini. Kamera yangu ni ndogo, ya mfukoni, na chumba changu hakina dirisha. Mwanga ukiwa hafifu kamera ile inapunguza idadi ya picha inazochukua kwa sekunde. Mwanga ukirudi inaongeza. Inayumbayumba kama mlevi. Kompyuta inajua kumfuata mlevi. Diski haijui. Diski inataka picha ishirini na tano kila sekunde, basi. Kwa hiyo programu ikazipanga picha upya kwa mstari, zikabanana, zikaanza kutangulia, na sauti ikabaki nyuma na mwendo wake wa zamani.

Lakini kuchelewa kuna namna mbili, na sijui kwenu ni ipi. Kuna sauti inayochelewa tangu mwanzo na kubaki vile vile hadi mwisho. Hiyo dawa yake ni kuisogeza tu. Na kuna inayoanza vizuri halafu inazidi kuachwa. Hiyo ukiisogeza, unaponya kichwa unaumiza miguu.

Nimekupelekea diski ya majaribio. Baba asiione. Humo napiga kofi moja mwanzoni, halafu kila baada ya dakika tano, hadi dakika ya ishirini. Tazama mikono yangu, sikiliza kofi, niandikie unachokiona. Kama huna saa ya kupimia, niambie tu mikono iko wapi sauti inapofika.

Nisaidie, dada. Huku siwezi kuona mnachokiona.

Mdogo wako,
Fusi


Faleloa
28 Mei 2011

Fusi mdogo wangu,

Salamu. Hapa ni wazima, mvua imetuandama wiki mbili na nguo za Baba hazikauki. Nimekuwa fundi wa video kwa amri yako. Baba alilala mchana, nikashusha sauti, nikakaa pua kwa pua na TV. Haya ndiyo niliyoyaona, nimeyarudia mara nne:

Kofi la kwanza: mikono imegusana, sauti inakuja mikono ikiwa bado imegusana, ila si pale pale. Kama mtu aliyesita kidogo mlangoni.

Dakika ya tano: sauti inafika mikono imeshaanza kuachana, ningeweza kupitisha ndizi katikati.

Dakika ya kumi: mikono iko mabegani.

Ya kumi na tano: iko kiunoni, inashuka.

Dakika ya ishirini: mikono imeshalala mapajani, umetulia kama picha ya marehemu, ndipo linasikika PA. Nilishtuka ingawa nilikuwa nalingoja.

Kwa hiyo ugonjwa wako ni namna zote mbili, fundi. Umesita mwanzoni, na unazidi kuachwa.

Na nimeona kitu kingine. Nyuma yako kuna mlango wa bati, ule unaokunjwa juu. Kuna matairi mawili. Ofisi gani hiyo ya picha yenye matairi, Fusi? Uliniambia ghorofa ya tatu.

Nikuambie na ya kwangu, maana nimekaa na mikono yako dakika ishirini na hakuna aliyeniuliza mikono yangu ikoje. Tangu kiharusi cha 2005 sijalala nyumba nyingine. Kwenda Pangai kuchukua kifurushi chako naacha Vika hapa na kukimbia kama mwizi. Nilikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Baba. Sasa Jumapili nawasikia kupitia dirishani nikimgeuza ubavu. Yule seremala wa Vavau aliyesema atangoja, alingoja miaka miwili. Simlaumu.

Sikuombi pesa wala sabuni. Nakuuliza tu, kwa nini usije? Mwezi mmoja. Una kazi, una karatasi, uliniambia mwenyewe. Watu wanakuja kwa Krismasi na kurudi.

Jibu hilo pia, siyo mambo ya picha ishirini na tano peke yake.

Dada yako,
Kalolaine


Mount Druitt
19 Juni 2011

Dada,

Salamu kwenu wote. Baridi imeanza huku. Mimi ni mzima.

Wewe ni fundi kuliko mimi. Kwa yale uliyoyaandika ya ndizi na mabega nilipata hesabu yote. Nimefanya hivi: kwanza nimeligeuza faili la makofi liwe na picha ishirini na tano kila sekunde tangu mwanzo hadi mwisho, kabla ya kugusa habari za DVD. Nikaitoa sauti peke yake, nikaipanga ilingane na kofi la kwanza na la mwisho; ikikaa sawa ncha zote mbili, katikati inajinyoosha yenyewe. Halafu kule kusita kwa mlangoni: huko ni kwa deki. Nimenunua deki kama yenu, dukani pale pale, na kweli inachelewesha sauti kama robo ya sekunde. Nikaitanguliza sauti kwa robo hiyo. Siangalii tena kwenye kompyuta. Kompyuta inanifariji tu.

Lakini ile ya zamani sikuirekebisha. Nimezungumza upya, dakika ishirini na tano, na taa mbili za kuazima usoni, nikaipitisha njia hiyo hiyo. Mfunge tena mkeka wake.

Lile swali lako nimelisoma.

Mdogo wako,
Fusi


Faleloa
2 Agosti 2011

Fusi,

Salamu. Tu wazima.

Diski ni nzuri. Mdomo wako na sauti yako ni kitu kimoja, hata pumzi unayovuta kabla ya kusema inasikika mahali pake. Baba alitazama hadi mwisho bila kupepesa. Akasema, "Fusi." Neno la kumi na mbili! Sikujua analo. Nilikwenda uani nikalia nikarudi.

Hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili Julai. Sasa nisikilize.

Kesho yake alitaka tena. Keshokutwa yake mara mbili. Sasa ni mara nne kwa siku, na mkeka kila mara, nifunge nifungue. Anazungumza nawe. Unapomuuliza, "Baba, umekula?" anakujibu, na wewe kwa bahati unanyamaza kidogo pale, basi anaona umemsikia. Hali chakula mpaka umwambie. Kijiko changu anakisukuma kwa ulimi. Nakaa pembeni ya TV na bakuli la viazi vikuu nilivyoviponda mwenyewe, nangoja ufike pale unaposema, "Kula vizuri, Baba," ndipo anafungua kinywa.

Juzi nilikuwa namwosha. Akanitazama, akageuka kwenye TV iliyozimwa, akasema, "Fusi. Nani?" Anakuuliza wewe mimi ni nani.

Miaka sita, Fusi. Na wewe dakika ishirini na tano.

Nimeitupa rimoti juu ya paa. Halafu nikapanda kuitafuta maana aligonga fimbo hadi Vika akaja. Umenitengenezea mke mwenza ndani ya nyumba ya baba yangu, ambaye hachoki, hanuki jasho, na hajawahi kubadilisha shuka.

Njoo. Usitume diski nyingine. Njoo mwenyewe na miguu yako.

Kalolaine


Faleloa
20 Septemba 2011

Fusi, meli tatu zimekuja bila barua yako, na simu yako inasema haipatikani. Kama nimekukasirisha sema. Kama unaumwa sema.

Dada yako


Mount Druitt
16 Oktoba 2011

Dada yangu Kalolaine,

Salamu. Siumwi. Hukunikasirisha. Nimeandika barua hii mara nyingi na zote nimezichana. Kwenye simu nisingeweza. Kadi inakwisha, na najua Vika anakaa karibu.

Kaa chini.

Mnajua nilivyobaki huku. Kwaya ilikuja Sydney 2002, Baba akiongoza, na siku ya kurudi sauti moja haikuwepo uwanja wa ndege. Mlipata aibu, najua wazee wa kanisa walimsimamisha Baba mwaka mzima kwa ajili yangu. 2004 nikawaambia nimepata karatasi. Sikupata. Viza yangu ilikuwa ya miezi mitatu na iliisha nikiwa nimelala kwenye kochi la watu. Hakuna ofisi, dada. Ni banda la gari nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa kanisani. Mlango wa bati uliouona ndio mlango wangu. Ukigongwa bila mimi kutegemea mtu, nazima kompyuta na kushika pumzi.

Nikitoka nchi hii, mpakani watanigongea muhuri wa miaka mitatu nisirudi. Peke yangu ningekubali. Ningekuja kesho.

Nina mtoto. Anaitwa Lesieli. Alizaliwa tarehe tisa Novemba 2003. Baba yake alikuwa na mke Nukualofa, akarudi kwa mke wake, simtafuti. Nilipojifungua sikuweza kuwaambia. Baba alikuwa ndiyo kwanza wamemrudishia kwaya yake. Ningempelekea na hilo? Mwaka ukapita, ikawa vigumu zaidi. Miwili, ikawa haiwezekani.

Sheria ya huku inasema mtoto aliyezaliwa hapa, akiishi hapa bila kuhama hadi atimize miaka kumi, anakuwa raia. Siku yenyewe. Hata kama mama yake ni kama mimi. Bado miaka miwili na wiki tatu. Nikija sasa lazima nije naye, na hiyo miaka minane inakufa. Nikimwacha, namwachia nani? Akiwa na homa namtibu mwenyewe kwa maji na maombi kwa sababu naogopa fomu za hospitali. Kila kitu ninachofanya nakifanya kimya ili siku hiyo ifike. Nimekaa humu kama kuku kwenye mayai.

Ile diski sikuitengeneza ili nisije. Niliitengeneza kwa sababu siwezi kuja. Uliposema Baba ananiuliza wewe u nani, nilitamani kukata mdomo wangu.

Kumtumia Baba uso wangu lilikuwa wazo baya. Ivunje kama unataka. Sitauliza.

Mdogo wako,
Fusi


Faleloa
27 Novemba 2011

Fusi mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Lesieli hajambo? Nimeandika jina lake mara ya kwanza.

Barua yako ilikaa chini ya mkeka wangu siku kumi na tisa. Sitakuficha: siku za kwanza nilikuwa na hasira hadi nikaunguza chungu. Siyo kwa sababu ya mtoto. Mtoto ni mtoto. Ni kwamba miaka saba nilidhani wewe uko nje na mimi niko ndani. Nilikuwa nakuonea wivu, unajua? Nikiwa natupa maji ya mkojo nilikuwa nakuona umevaa viatu vya kisigino unapanda ngazi za ghorofa ya tatu. Umenidanganya hadi wivu wangu.

Siku ya ishirini nilimsomea Baba barua yote. Nilijua wewe ungekataa, lakini wewe hukuwepo wa kukataa. Nilifunga milango, Vika asisikie. Nilisoma polepole, nikafika kwenye jina la mtoto na tarehe. Aligeuka ukutani. Nikasema basi, nimemuua.

Mimi nikaenda kukuna nazi. Nikasikia fimbo. Nikarudi, nikamkuta ameshika shuka, anatafuta neno. Unajua anavyotafuta, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.

"Sauti," akasema.

"Sauti ya nani, Baba?"

Akaonyesha barua. "Sauti. Ipi?"

Fusi, mwanamume ameambiwa ana mjukuu wa siri, na jambo la kwanza anataka kujua ni kama mtoto ni sauti ya kwanza au ya pili! Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Na yeye nusu ya mdomo wake ikacheka.

Sikuivunja diski yako. Lakini sasa naiwasha mara moja tu kwa siku, na mimi nakaa mbele yake, siyo pembeni. Nikimlisha namwambia, "Huyu ni Kalolaine." Akisahau namwambia tena.

Mlete huyo mtoto tumsikie, hata kwa diski. Na afundishwe kuimba kwa namba za Baba, tatu hadi tisa mahali pa do re mi, siyo mambo ya redio.

Dada yako,
Kalolaine


Mount Druitt
18 Desemba 2011

Dada yangu,

Krismasi njema, Baba na wewe na hata Vika. Tu wazima wote wawili. Ni mara ya kwanza naandika wawili.

Diski hii ni fupi, dakika saba. Sikutaka mwanga hafifu utuharibie tena, kwa hiyo tumetoka nje, uani, mchana kweupe. Nilipandisha ule mlango wa bati hadi juu. Mama mwenye nyumba akauliza, "Leo vipi?" Nikamwambia tunaimbia babu. Lesieli anapiga kofi mwanzo na mwisho, usishangae, ni la kupimia. Nimeijaribu kwenye deki mara tano.

Wimbo nimemfundisha kwa namba, ubaoni, kwa chaki, vile vile Baba alivyotufundisha. Aliuliza kwa nini namba zinaanzia tatu. Nikakumbuka mimi na wewe tulimuuliza Baba hivyo hivyo, akatuambia moja na mbili zimekwenda kuvua samaki.

Sauti ya kwanza, mwambie.

Mdogo wako,
Fusi


Faleloa
22 Januari 2012

Fusi mdogo wangu na Lesieli mwanangu,

Salamu za mwaka mpya. Baba amedhoofika, sikufichi. Anavimba miguu na daktari wa Pangai amekuja mara mbili. Lakini nina jambo la kuwaambia.

Nilimfunga mkeka. Nikawasha. Lesieli akapiga kofi lake, PA, mikono na sauti mahali pamoja. Akavuta pumzi. Na kabla hajafungua mdomo, Fusi, mkono wa kushoto wa Baba ukanyanyuka kutoka kwenye blanketi.

Akamwongoza. Mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushika kitabu tu. Chini, pembeni, juu. Mtoto akaimba pale pale mkono uliposhuka. Wangekuwa wameachana hata kidogo ningeona, mimi ndiye mpimaji wa mikono wa nyumba hii. Hawakuachana. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kwenye ubeti wa tatu Lesieli alikimbia kidogo, Baba akakunja uso akanyoosha kiganja kumzuia, na mtoto kwa kuwa hamwoni akaendelea kukimbia, na Baba akasema, "Pole pole!" Hayo ni maneno mapya. Wimbo ulipokwisha akabaki na mkono juu, unajua anavyobaki, mpaka kanisa zima linyamaze.

Halafu akaushusha, akanitazama. "Kalolaine," akasema. "Mtoto mzuri."

Sijui yupi kati yetu alikuwa mtoto mzuri. Nimeamua ni mimi.

Dada yako, na mama mkubwa wa Lesieli,
Kalolaine


Mount Druitt
26 Februari 2012

Dada,

Pole, dada yangu. Pole na mimi. Kwenye simu nilisikia unasema "Baba" na nikajua. Yale mengine uliyosema sikuyasikia, naomba unisamehe.

Nimekaa humu siku nne. Lesieli ananiletea chai. Kila anayerudi nyumbani kwa maziko ananipigia kuuliza kama nimepata ndege, nawaambia nimekosa nafasi.

Najua maziko yatakuwa yamekwisha barua hii ikifika. Nimemwomba mpwa wa Vika, yule wa Nukualofa mwenye kamera, apige kila kitu: kanisani, njiani, kaburini. Akupe kadi ya kamera, wewe nitumie kama ilivyo, asiiguse. Nitaitengeneza mwenyewe. Hata kama imeharibika vipi nitaitengeneza.

Tafadhali, dada. Sina kingine.

Fusi


Faleloa
1 Aprili 2012

Fusi mdogo wangu,

Salamu, wewe na Lesieli. Mimi ni mzima. Nalala hadi jua linatoka, na bado naamka kila robo saa kwa mazoea, nasikiliza fimbo.

Hakuna kadi ya kamera, Fusi. Usiitafute kwenye bahasha.

Kamera ilikuwepo. Mpwa wa Vika alikuja nayo, na kile kisimamo cha miguu mitatu, akaiweka mlangoni mwa kanisa. Nilitoka kwenye safu ya wafiwa na mkeka wangu wa msiba uliochanika hadi magotini, nikamwambia, "Funga."

"Lakini Fusi ameagiza."

"Fusi nitamjibu mimi. Funga."

Vika akanivuta mkono. "Utamnyima mdogo wako maziko ya baba yake? Una roho gani?" Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Ningekutumia, najua ungefanya nini. Ungeuteremsha ule mlango wa bati. Ungekaa na maziko yale wiki nzima, ungepata wapi sauti imetangulia na wapi imebaki, ungesogeza wimbo mmoja baada ya mwingine mpaka kila kilio kikae kwenye mdomo wake. Ukimaliza ungeona umemzika. Ungetulia humo. Sitaki utulie, Fusi. Nimeona kitu kizuri kikitengenezwa vizuri kinaweza kumweka mtu mahali mpaka akasahau mlango uko wapi. Niliona hapa, kwenye kiti cha Baba.

Kwa hiyo hata kwenye barua hii sikuandikii nani alilia na nani aliimba, wala alivyovalishwa. Unikasirikie. Nimezoea.

Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa: kutoka leo hadi mtoto atimize miaka kumi ni siku mia tano themanini na saba. Usije kabla, hata ukisikia nimekufa. Siku hiyo mtoto atakuwa na mlango wake, anaweza kutoka na kuingia apendavyo hadi uzeeni. Wewe hutakuwa nao, hilo nimelielewa. Watakugongea muhuri wako. Wagonge. Wewe unarudi kwenu.

Wazee wa kanisa wameniomba nishike kwaya. Nimewaambia nitashika hadi Novemba mwaka kesho, baada ya hapo watafute mwingine. Wakadhani naolewa. Nimewaacha wadhani.

Nitakungoja gatini Pangai. Hatutapanda gari. Tutatembea hadi Faleloa kwa miguu, mtoto katikati, na njia nzima nitakusimulia maziko ya Baba kwa mdomo wangu, tangu walipombeba hadi mchanga wa mwisho. Ni mwendo wa asubuhi nzima, utatosha. Tukifika nitakuonyesha kaburi na wapi nimeweka ufagio wa kulifagilia.

Halafu meli inayofuata ni yangu.

Dada yako,
Kalolaine